Matari Msikitini

Wako watu wasemao ya kuwa sifa za Mtume zatosha kusomwa kwa sauti ya mtu, na ya kuwa kuzitia ngoma ni kuzifanya mchezo. Neno hili si geni. Lilisemwa Lamu zamani za Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, ambaye msikiti wake wa Riyadha ulijengwa Langoni karibu na mwaka 1900. Yeye aliwafundisha wanyonge, wageni na wazao wa watumwa. Basi maulidi ya Al-Habshi, yaliyotungwa Hadhramauti, yaliposomwa kwa matari ndani ya msikiti, baadhi ya wakubwa wa mji walichukia sana.

Sisi twalipima jambo hili kwa sikio kwanza. Tari likipigwa vizuri halishindani na maneno. Masimulizi husomwa na mtu mmoja, na ngoma hunyamaza. Kasida ianzapo, matari huingia, na kiitikio huchukuliwa na watu wote. Mtoto asiyejua herufi hata moja hujua mahali pa kuitikia. Nasi tulio walimu twajua jinsi ilivyo kazi kulishikisha darasa zima wimbo mmoja! Kisha wakati wa kiyamu wote husimama pamoja, mkubwa na mdogo, na marashi hunyunyizwa.

Lakini hatuwezi kusifu yote. Vipaza sauti vikifunguliwa mno, tari hugeuka radi na neno hupotea. Hapo wenye kulaumu wana haki. Mashindano ya punda na ya majahazi hayana ubaya (punda wa Lamu nao wana sikukuu yao), ila ni hasara mgeni akiondoka na habari hiyo tu, asione zefe iendayo kuzuru kaburi la Habib, aliyefariki mwaka 1935.

Tena liko jambo la lugha, nalo ndilo lituumalo zaidi. Kasida ni za Kiarabu, na wengi waitikiao hawajui maana yake. Sayid Mansabu wa Lamu alikwisha kuifasiri Barzanji kwa mashairi ya Kiswahili, basi njia iko. Wale watakao kuyaondoa matari wangeanza kwa kufasiri, tungewasikiliza. Wakilitwaa tari wasilete fasiri, mvuvi akaaye karibu na mlango hatakuwa na la kuitikia wala la kufahamu.