Pongezi kwa Wasuka Ukili

Husemwa kwamba sanaa hudai upweke na saa ndefu zisizokatizwa, hivyo mama wa watoto wadogo hana budi kuiweka kando mpaka wakue. Wasuka mikeka wa Pemba, Unguja na Lamu wameikanusha hoja hiyo kwa vizazi vingi. Ukindu, yaani majani ya mkindu, huanikwa, huchanwa, hutokoswa katika rangi, kisha husukwa ukili: utepe mwembamba unaokunjika na kubebeka kokote. Mtoto akilia, mama huuweka chini. Akilala, huuokota na kuendelea palepale, kwa kuwa hesabu ya chane imo vidoleni. Ukili ukishatosha ndipo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka uwe mkeka. Ufundi wenyewe, basi, umejengwa kuvumilia kukatizwa. Naye mtoto anayechezea vipande vya ukindu pembeni ameanza kujifunza kabla hajaitwa mwanafunzi.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya nyumbani tu. Lakini kuchagua rangi, kubuni nakshi na kujua lini ibadilishwe ni maamuzi ya msanii, hata kama mkeka utakaliwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sifa kama hizi huficha mzigo: mama analea, anasuka, na malipo ni haba. Hilo ni kweli, na ndiyo maana pongezi za maneno hazitoshi. Anayenunua mkeka alipe pia zile saa zilizosukwa usiku, watoto wakiwa wamelala.