Kaniki ya Siti binti Saad

Sijawahi kuridhika na namna tunavyomsimulia Siti binti Saad. Habari huanzia Fumba, kwa msichana wa ukoo wa utumwa aliyepewa jina la Mtumwa na kuuza vyungu, ikaishia Bombay mwaka 1928 akirekodi santuri. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, anamchora kama kielelezo cha jitihada na tabia njema. Kitabu nakipenda. Ila msomaji mwenye haraka atakifunga akiamini kwamba sauti nzuri ndiyo iliyomtoa kwenye unyonge, basi. Na wenzake wasiojua kuimba je?

Mimi huanzia kwenye ile kejeli ya mahasimu wake: kwamba aliingia mjini na kaniki, na kama si sauti angekosa hata cha kula. Mbona kaniki? Kwa sababu Unguja, hadi utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, kitambaa hicho cheusi kilimtambulisha mjakazi kabla hajafungua mdomo. Baada ya hapo wanawake wa Ng'ambo, wafua nguo, vibarua na wachuuzi, waliitupa kaniki wakajifunga kanga. Baadaye wakavaa na buibui, vazi la mabibi. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Shamba hawakuwa nalo, nyumba ya mawe hawakuwa nayo. Walichoweza kubadilisha asubuhi moja ni nguo.

Kuna atakayesema kwamba kuvaa kama bibi ni kukubali kuwa ubibi ndio utu. Hoja hiyo ina ukweli wake: ngazi ilibaki palepale, wao wakapanda kidato kimoja. Lakini naona ni hoja nyepesi mno kwa sisi ambao hatujawahi kubebeshwa hadhi yetu kiunoni. Siti mwenyewe, alipowajibu wale mahasimu, hakubishana kuhusu kaniki hata kidogo. Alisema uzuri wa sura na ukoo mtukufu si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Huko alitoka kabisa kwenye mizani yao, jambo ambalo kanga peke yake isingeweza.

Ndiyo maana, kwangu, kazi yake nzito kuliko zote ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja; mwuaji akavuka bahari akatoroka, na wanawake waliokuwa na marehemu ndio walioadhibiwa na mahakama ya kikoloni. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti wala kiti katika baraza la kutunga sheria. Siti na wenzake waliichukua kesi ile wakaisikiliza upya kwa udi na fidla, mbele ya watu walioijua mitaa yenyewe. Hukumu haikubadilika. Lakini kila santuri ilipowekwa, jina lililoitwa lilikuwa la Kijiti.