Bwambale Yupi? Uhakiki wa Kanuni ya Majina katika Marejeo

Kila muhula tunapofundisha uandishi wa makala za kitaaluma, wanafunzi hutuuliza swali lile lile: nukta ikae wapi na mkato ukae wapi? Si swali baya. Hata hivyo, katika makala haya mafupi tungependa kuhakiki jambo lililo zito kuliko nukta na mkato, nalo ni jina la mwandishi. Hoja yetu ni kwamba kanuni tunayoifundisha, yaani jina la ukoo kwanza kisha herufi za mwanzo za majina mengine, ikifika Kasese haifanyi kazi iliyokusudiwa. Sisi walimu tumechangia tatizo hili kwa kuifundisha bila kuihoji.

Tuanze na kisa. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alikusanya masimulizi ya wazee huko Kyarumba, kwenye milima inayopakana na mto Nyamugasani, akayatafsiri kwa Kiswahili. Aliandika mswada akaupeleka kwa jarida moja. Mswada ulirudi na maagizo mawili. Kwanza, kwa kuwa orodha ya marejeo ilikuwa na kazi mbili za "Bwambale, J." za mwaka mmoja, mwaka wa kazi moja uongezewe herufi a na wa nyingine herufi b. Pili, majina ya wazee saba yaondolewe katika orodha, yatajwe ndani ya makala tu kama "mawasiliano binafsi". Mwanafunzi alitii, nasi wasimamizi wake tukamsifu kwa utiifu.

Kosa tuliligundua baada ya makala kuchapishwa. Wale Bwambale walikuwa watu wawili tofauti, ila majina yao ya ubatizo yanaanza kwa herufi moja. Kwa herufi a na b tulikuwa tumewafanya mtu mmoja.

Yeyote aliyeishi Bwera au Kasese anajua chanzo cha mkanganyiko huo. Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mwana wa kiume wa kwanza ni Baluku au Mumbere, wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Kwa wasichana, Biira ni wa pili na Kabugho ni wa tatu. Ukivuka mpaka pale Mpondwe ukaingia Kongo, kwa ndugu zao Wanande, Bwambale huitwa Kambale na Masereka huitwa Kasereka. Kwa hiyo "Bwambale" si jina la ukoo hata kidogo. Linatuambia kwamba huyu ni mtoto wa kiume wa pili. Ndugu yake wa tumbo moja ataitwa Masereka, ilhali jirani asiye na uhusiano naye wowote ataitwa Bwambale.

Sasa tuitazame kanuni kwa jicho la uhakiki. Inatutaka tuandike kwa ukamilifu lile jina ambalo maelfu ya watu wanalo, kisha tulikate lile linalomtofautisha mtu na wenzake, tubakize herufi moja. Lengo la marejeo ni kumwezesha msomaji kuifikia kazi iliyotajwa na kumtambua mwenye kazi. Hapa kanuni imefuatwa barabara, na lengo limepotea.

Wala tatizo hili si la Wakonzo peke yao. Katika fasihi ya Kiswahili, majina mengi ya pwani ni ya nasaba. Ukiifuata kanuni bila kufikiri, Muyaka bin Haji atakuwa "Haji, M.", na mashairi ya mwana yatawekwa chini ya jina la baba. Mwana Kupona binti Msham naye atakuwa "Msham, M.K.". Waandishi wa Zanzibar wa karne ya 20 nao wana yao. Said Ahmed Mohamed ndiye aliyeandika Utengano (1980), na Mohamed Suleiman Mohamed ndiye aliyeandika Nyota ya Rehema (1976). Katika tasnifu tulizosahihisha, tumekutana na "Mohamed, S." ambaye hatukuweza kujua ni yupi kati ya hao wawili. Kwingineko duniani, Waisilandi wamezoea kuorodhesha watu kwa jina la kwanza hata katika kitabu cha simu, kwa kuwa jina la pili kwa kawaida hutaja mzazi tu.

Tukija kwa wale wazee saba, hoja ya jarida ina mantiki yake. Mwongozo wa APA, unaofuatwa na majarida mengi, hauweki mawasiliano binafsi katika orodha kwa sababu msomaji hawezi kuyapata. Lakini toleo lake la 7, lililotoka mwaka 2019, limetoa maelekezo kuhusu masimulizi ya jamii za wenyeji: msimulizi atajwe kwa jina kamili, jamii yake, mahali na tarehe. Tena, mahojiano yaliyorekodiwa na kuhifadhiwa mahali ambapo msomaji anaweza kuyafikia yanastahili kuingia katika orodha. Kosa basi si la mwongozo peke yake. Sisi hatukuwa tumehifadhi kanda zile popote. Zilibaki mkobani mwa mwanafunzi.

Mwanafunzi huyo alipopeleka nakala ya makala Kyarumba, mzee mmoja aliipekua mpaka mwisho kisha akamwuliza, "Mjukuu wangu, mimi niko wapi humu?" Alikuwamo, ndani ya mabano, kwa herufi moja na jina la mtoto wa tatu.

Wapo watakaosema kwamba mhariri hawezi kutunga kanuni kwa ajili ya kila kabila, na kwamba bila kanuni moja wanafunzi wataandika ovyo. Tunakubaliana nao kuhusu uovyo. Mwanafunzi anayeandika mwaka leo mbele, kesho nyuma, hana cha kujitetea. Lakini tunachopendekeza si kuvunja utaratibu. Kwanza, katika orodha ya marejeo majina yote yaandikwe kwa ukamilifu. Gharama yake ni herufi chache tu. Pili, panapokuwa na majina yanayogongana, jina la kwanza litajwe pia ndani ya makala. Tatu, majina ya nasaba yasigeuzwe, na mwandishi aeleze uamuzi huo katika tanbihi moja, kisha aushike mpaka mwisho. Nne, kila rekodi ya mahojiano iwekwe katika maktaba ya idara na kupewa namba kabla ya mswada kutumwa, ili msimulizi awe na mahali pake katika orodha. Mhariri akikataa, mwanafunzi amwandikie kwa adabu na kumweleza sababu. Wengi husikiliza.

Tangu muhula uliopita tunaanza somo la marejeo kwa kuwataka wanafunzi waandike ubaoni majina yao kwa kufuata kanuni ile. Darasani mna Baluku watatu na Bwambale wanne. Baada ya hapo hatuhitaji kueleza mengi.