Mel na Ngoma Inayozunguka

Mwaka 1983 Ed Nather, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Texas, aliandika kisa cha mtu aliyewahi kufanya naye kazi katika kampuni ya Royal McBee huko Marekani. Mtu huyo ni Mel. Nather alikiandika kwa nathari. Wasimulizi waliofuata wakakikata mistari mifupi mifupi kama shairi, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyokipokea.

Kompyuta yao, RPC-4000, ilihifadhi kumbukumbu zake juu ya ngoma ya sumaku iliyozunguka bila kusimama. Amri ikikipita kichwa cha kusomea, sharti ungoje ngoma izunguke tena. Watazame watoto wanaoruka kamba: anayetaka kuingia husimama pembeni, macho kwenye kamba, mpaka nafasi yake ifike. Mel alizipanga amri zake namna hiyo, moja moja, kila moja ifike kichwani pale pale inapohitajika. Ilikuwapo programu ya kumfanyia mpango huo, akaikataa, kwa kuwa asingejua imeweka nini wapi. Na alipotaka mashine ikawie, aliiweka amri mahali ambapo ingekuwa imekipita kichwa sasa hivi. Hata kukawia alikupima.

Kazi iliyompa jina ni mchezo wa karata wa 21. Wauzaji walitaka swichi ya siri ya kumpa mteja ushindi. Mel akakataa; kwake huo ulikuwa udanganyifu. Alipobembelezwa sana akaiandika, lakini akakosea sharti, likawa kinyume: swichi ikiwashwa, mashine ndiyo inayoshinda kila mara. Akafurahi mno, na kuirekebisha akakataa katakata.

Mel alipoondoka, Nather akapewa kazi ya kulitafuta sharti hilo. Humo akakuta kitanzi kisicho na mlango: programu ingepaswa kuzunguka humo milele, nayo ilitoka salama. Wiki mbili alikuna kichwa. Kidokezo kilikuwa biti moja iliyowashwa bila sababu iliyoonekana, katikati ya anwani na tendo la amri. Mel alikuwa akiiongezea amri yenyewe 1 kila mzunguko ili anwani isogee, na data aliipanga mwishoni kabisa mwa kumbukumbu. Anwani ilipojaa, ile 1 ilimwagika, kama 9 za mita ya gari zinavyogeuka sifuri zote na kuisukuma tarakimu ya kushoto. Ikapita juu ya ile biti, ikaligeuza tendo kuwa jingine: ruka. Kuruka wapi? Sifuri, ambako Mel alikuwa ameiweka amri inayofuata.

Nikifika hapa huacha kusoma kwa muda. Programu ninazoandika mimi sijui hukaa wapi ndani ya mashine, na mwenzangu akiniletea kitanzi kama kile ningemrudishia, kwani atakayekuja kukirekebisha ni nani? Bado nampenda Mel. Alikijua kila kipande cha ngoma yake kama mpishi ajuavyo moto wa jiko lake.

Nather aliacha kulitafuta sharti, akamwambia bosi kwamba hakulipata. Hakuona vyema kuichokoa kazi ya fundi wa namna ile. Alipoiacha kampuni naye, swichi ikiwashwa, mashine ilikuwa ingali inamshinda mteja.