Pini ndani ya mfupa

Weka kiganja juu ya paja lako, kisha piga hatua tatu. Nyama inatikisika, ngozi inavutika, na mfupa ulio chini yake huna habari nao. Mtikisiko huo ndio unaomsumbua kila fundi wa maabara ya kupima mwendo wa binadamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliukwepa kwa njia ambayo leo isingepita kirahisi mbele ya kamati ya maadili.

Maabara yao ilianza 1945, vita vikiisha, ili kutafuta miguu bora ya bandia kwa wanajeshi waliokatwa viungo. Wakuu wake walikuwa Verne Inman, daktari wa mifupa, na Howard Eberhart, mhandisi ambaye naye alikuwa amekatwa mguu chini ya goti. Kwanza walitumia taa: balbu ndogo zilifungwa kwenye viungo vya mtu, akatembea gizani mbele ya kamera iliyoachwa wazi, na picha ikaonyesha njia ya kila kiungo. Kwa kukunja na kukunjua goti, zilitosha. Tatizo lilikuwa kujipinda. Ukitembea, mifupa ya mguu huzunguka kidogo ndani na nje, kama bisibisi mkononi, na balbu iliyofungwa juu ya ngozi haiwezi kulifuata zungusho hilo.

Basi wakachukua keekee. Baada ya kuchoma ganzi, walipachika pini za chuma kwenye nyonga, fupa la paja na muundi wa vijana waliojitolea, wakaweka alama kwenye ncha zake, wakawapiga filamu kutoka juu, mbele na ubavuni. Majibu yalichapishwa 1948: muundi huzunguka kwa wastani wa takriban nyuzi 19 katika mzunguko mmoja wa hatua. Unaweza kuuliza, na ni haki yako, kama mtu mwenye vyuma mfupani hutembea kama kawaida yake. Sidhani. Lakini hakuna aliyekuwa na kipimo kizuri zaidi.

Nyuzi 19 si mchezo. Kwenye mguu wa asili, kifundo na viungo vilivyo chini yake hulipokea zungusho hilo. Mguu wa bandia uliokazwa kwa bolti hauna pa kulipeleka, hivyo linarudi juu, kigutu kinasuguana na kikombe kilichokibeba, na jioni mtu anavua mguu akakuta chubuko.

Leo keekee imekaa kabatini. Fundi hubandika vipira vinavyoakisi mwanga kwa utepe wa gundi pande mbili, na kamera kadhaa huvifuata kwa pamoja. Mashine ni ghali, ila ngozi ni ileile: kipira cha pajani kinaweza kuhama zaidi ya sentimita 2 kutoka mahali pake juu ya mfupa. Ndiyo maana mimi huamini kidole gumba cha fundi kabla ya bei ya kamera. Grafu ikionyesha goti limepinda upande ambao goti halipindi, fundi mzuri haanzi na programu. Humwomba mtu asimame, hupiga magoti mbele yake, hupapasa hadi aguse kinundu cha mfupa pembeni mwa goti, hubandua kipira na kukisogeza nusu sentimita nyuma. Kisha husema: "Haya, tembea tena."