Heshima ya Mpika Pombe

Wengi humsifu mpika pombe kwa kazi wanayoiona: pipa jikoni, moshi machoni, mwiko mrefu mkononi. Mimi namsifu kwa kazi inayoanza moto ukishazimika. Hapo hukadiria chakula cha mwisho atakachoipa chachu, akafunika, akangoja. Kipimo hicho ndicho kinachomtenga fundi na mkorogaji.

Nakwa, ndani ya mji wa Babati, ni mahali pazuri pa kuitafakari kazi hii. Babati ni njia panda. Wagorowa ni wenyeji wake. Kandokando wako Wairaqw, Wambugwe, Warangi na Wabarbaig, na biashara imewaleta Wachaga na wengine wengi. Kila kabila lilikuja na chungu chake: huyu asali, huyu mtama, yule ulezi. Wagorowa na Wairaqw wana slufay, dua ndefu ya baraka ambayo mzee huighani na waliokaa naye wakaiitikia, pombe ikiwa kati yao. Nani atathubutu kuweka pombe mbovu mbele ya maneno ya namna hiyo? Aliyeipika amebeba heshima ya kikao kizima.

Tazama mbege ya Wachaga. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa. Magome ya mti wa msesewe huleta uchungu. Lakini hiyo bado si mbege. Mwisho kabisa huja mso, uji wa kimea cha ulezi, unaochanganywa na maji yale ya ndizi. Chachu iliyokuwa imeanza kulala hupata chakula kipya, na baada ya usiku mmoja hivi kinywaji kimechangamka, kina povu, kinachemka chenyewe bila moto. Mso ukizidi, mbege huwa uji, ukipungua, hupooza. Mama anayeijua kazi hii hupima kwa jicho na ulimi, na hakosei.

Anayepika bia ya lager nyumbani na kuijaza kwenye chupa anafuata kanuni ileile, ila yeye anahitaji mizani. Chachu ya lager hupenda baridi: huchachusha vizuri kwenye nyuzi 8 hadi 13, kisha bia hulazwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri ili itulie na kung'aa. Hata baridi ya Juni na Julai hapa Babati haitoshi, lazima jokofu. Chachu hiyo ilitengwa ikiwa safi mwaka 1883 na Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, na bia ya namna hiyo ikaenea duniani. Nairobi ilipata kiwanda cha bia mwaka 1922, Dar es Salaam mwaka 1933. Kiwandani gesi husukumwa ndani ya bia kwa mashine. Nyumbani chachu yenyewe ndiyo huitengeneza, ndani ya chupa iliyozibwa.

Chakula cha chachu hiyo ni sukari: ndoo ya lita 20 ya bia huhitaji gramu 100 hadi 130. Bia iliyokaa kwenye baridi tangu mwanzo imeshika gesi nyingi zaidi, kwa hiyo hupewa sukari kidogo. Iliyopata joto hupewa zaidi. Sukari huchemshwa kwa maji kidogo, hupozwa, humiminwa kwenye ndoo safi, kisha bia hushushwa juu yake taratibu kwa mpira, bila kurushwarushwa, maana hewa huiharibu. Mashapo hubaki chini. Chupa huoshwa mpaka zisiwe na harufu yoyote, hujazwa na kuachiwa nafasi ya vidole viwili shingoni, kisha kizibo hubanwa. Chupa zitumike zile nzito zinazorudishwa kiwandani. Kioo chembamba hakihimili. Chupa moja ya plastiki ya soda ijazwe pamoja nazo: ikiwa ngumu kwa kubonyezwa, gesi imepatikana.

Baada ya hapo ni kungoja: wiki mbili mahali penye joto la kawaida, penye giza, kisha wiki nyingine kwenye baridi. Mwenye haraka atafungua bia tamu iliyolala. Aliyejaza kabla bia haijamaliza kuchachuka, au aliyezidisha sukari kwa tamaa ya povu, atazikuta chupa zimepasuka, na kipande cha kioo hakichagui jicho la nani.

Ndiyo maana naiona kazi hii kuwa ya uaminifu kabla ya kuwa ya starehe. Mnywaji haoni kilichomo ndani ya chungu wala chupa. Anaamini mkono uliopima. Tumeona uaminifu huo ukivunjwa na watu wanaotia vitu visivyostahili ili pombe ikolee upesi. Fundi wa kweli hukoleza kwa muda.

Basi ukipata nafasi ya kukaa na mama mpika pombe wa mtaani kwako, muulize vipimo vyake, na uviandike kwa gramu, kwa lita na kwa saa, kwa jina la kila nafaka na kila gome la mti. Viwanda vina vitabu vyao. Mama zetu wanastahili kuwa na chao.