Heko kwa Mafundi wa Udi

Pita Biashara Street jijini Nairobi, ambayo zamani iliitwa Indian Bazaar, au maduka ya Wahindi kule Parklands, na pua itakutangulia: ni udi wa vijiti. Miongoni mwa wanaoutengeneza ni kampuni ya Cycle ya Mysore, India, iliyoanzishwa na N. Ranga Rao mwaka 1948, na ingali mikononi mwa ukoo wake. Mzee alichagua jina la baiskeli kwa kuwa kila mtu aliijua. Akili hiyo! Kazi yenyewe si mchezo: kijiti cha mwanzi huviringishiwa unga wa mkaa uliochanganywa na gome linalonata, kikauke, ndipo kichovywe katika manukato. Ukinunua pakiti, usikimbilie bei rahisi, inuse kwanza. Udi mzuri hunukia hata kabla haujawashwa.